Gesi ya Mtwara na mfuko wetu wa dharura

(Maneno yaliyosemwa kwenye kikao cha akina mama wa mchezo, Bawshar, Maskati)

Mama zangu, dada zangu, na nyie mashemegi watatu mliojibanza kule barazani mkijifanya mmekuja kuwachukua wake zenu. Ingieni ndani jamani, maana nusu ya maneno yaliyotufikisha hapa leo yametoka vinywani mwenu.

Mimi si mchumi wala si mtu wa mafuta. Mimi ni muuguzi, shahada yangu ni ya uuguzi, na jana usiku nilikuwa zamu, kwa hivyo mkiniona napiga miayo msidhani mada imenichosha. Ila nyie ndio mlionipa kuweka hesabu za mfuko huu, na kwa wiki sita sasa kila nikipata mapumziko ya zamu ya usiku nimekuwa nikisoma habari za kampuni hii. Kampuni iliyomo kwenye soko la hisa inalazimika kutangaza mambo yake hadharani, basi nimeyasoma, mazuri na mabaya, mpaka wenzangu wodini wakaniuliza kama natafuta kazi nyengine.

Nianze na pesa zenyewe. Mfuko wa dharura una riyali 4,180. Hizi SI zile za mchezo tunazopeana zamu kwa zamu. Hizi ni zile riyali tano tano tunazokatana pembeni kwa ajili ya mauti, maradhi na tiketi za ghafla. Mwaka uliopita zilimpeleka mwenzetu mmoja Unguja akamuwahi mama yake, akamzika. Yupo hapa, hahitaji kutajwa. Sasa pamekuja pendekezo kwamba pesa hizi zote, au angalau 3,000, tununulie hisa za Aminex, kampuni ndogo ya Ireland inayouzwa kwenye Soko la Hisa la London, kwa sababu ina sehemu ya gesi ya Ntorya huko Mtwara, na kwa sababu mshirika wake mkubwa ni wa hapa hapa kwetu Oman.

Binamu yangu, aliyeleta pendekezo, ni kijana mwerevu na nampenda. Alinionyesha hesabu yake nyuma ya risiti ya Lulu. Nitaisema kama alivyoisema, nisije nikaambiwa nimemvika maneno.

Mwaka 2018 wataalamu wa RPS walikadiria kuwa Ntorya ina gesi kiasi cha futi za ujazo trilioni 1.87 mwambani. Katika hizo, zile walizoziweka kwenye fungu la gesi inayoweza kutolewa masharti yakitimia ni bilioni 763. Robo ni ya Aminex, yaani kama bilioni 190. Kila futi elfu moja ukiziuza kwa dola 3 hivi, ambayo ndiyo ilikuwa bei ya gesi yao ya Kiliwani, unapata dola milioni 570. Hisa zao ni zaidi ya bilioni 4. Gawa. Kila hisa inatoka kama senti 13 za dola, na miaka hii hisa imekuwa ikizunguka kwenye peni moja ya Kiingereza. "Mara kumi, dada!" akaniambia. "Mara KUMI!"

Nakiri moyo ulinidunda. Nilirudi nyumbani nikiwaza fensi ya nyumba ya mama kule Mbweni.

Sasa tuizungumze hesabu hiyo, lakini kwanza tuzungumze ugomvi wenyewe, maana wenye hisa za kampuni hii wanagombana miaka na miaka, na ukiwasoma utaona wamegawika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema gesi ipo, tele, na kampuni inauzwa kwa bei ya bure. Kundi la pili linasema gesi huenda ipo lakini mchanga wa huko chini haueleweki, visima viwili si ushahidi, kimbieni. Wanabishana unene wa mwamba kwa mita, wanabishana presha, wanabishana kisima cha tatu, Chikumbi, kitakuta nini. Watu hawajakanyaga Mtwara lakini Ntorya wanaijua kama jikoni kwao.

Mimi nilipomaliza kusoma niliona kwamba wote wawili wanachungulia shimoni, na jambo lililowachelewesha halimo shimoni. Liko juu, mezani, kwenye mafaili.

Angalieni tarehe. Mkataba wa kitalu cha Ruvuma na serikali ya Tanzania ni wa mwaka 2005. Likonde, kisima cha mwanzo, kikachimbwa 2010 wakati Tullow wakiwa washirika. Ntorya-1 ikachimbwa 2012, wakapata gesi, walipoipima ikatoka kwa kiwango cha futi milioni 20 kwa siku. Ntorya-2 wakaipima 2017, milioni 17 kwa siku. Nzuri. Hakuna aliyesema si nzuri. Julai 2018 wakatangaza kwamba The Zubair Corporation ya hapa Maskati, kupitia kampuni yake ya ARA Petroleum, inachukua nusu ya kitalu na uendeshaji wake, na badala yake itawalipa Aminex dola milioni 5 taslimu na kuwabebea gharama zao mpaka milioni 35. Wenye hisa wakashangilia. Chikumbi ikasemwa iko njiani.

Mnajua makubaliano hayo yalikamilika lini? Oktoba 2020. Miaka miwili na miezi mitatu, kwa ajili ya idhini tu. Kodi, mambo ya ushindani, saini ya Waziri. Na hiyo miaka miwili haikuwa na uhusiano wowote na mwamba. Mwamba ulikuwa umelala vile vile kama ulivyolala siku zote.

Halafu upimaji wa ardhi kwa mitetemo ukaja 2022. Mkataba wa kuuziana gesi na TPDC, Januari 2024. Leseni ya uendelezaji ya miaka 25, Mei 2024. Na siku leseni inatoka, Chikumbi iliyoshangiliwa 2018 ilikuwa bado haijachimbwa, na bomba la kilomita 34 hivi la kuitoa gesi Ntorya mpaka kiwanda cha Madimba lilikuwa bado halijalazwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ile Ntorya-1 inapatikana alikuwa keshaingia darasa la sita.

Sisemi haya kuwasuta Watanzania. Nchi ina haki ya kukagua nani anapewa mali yake, na tunajua kwa nini walikuwa wagumu. Sheria zao za 2017 za kulinda utajiri wa asili zilitungwa kwa hasira iliyokuwa na sababu. Na msisahau Mtwara yenyewe. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam wakati wao waliahidiwa viwanda. Mwezi wa tano, siku ya bajeti ya wizara, nyumba zikachomwa, watu wakafa, jeshi likaletwa mjini. Nina shangazi Mikindani aliyelala siku mbili chini ya kitanda. Bomba likajengwa, mwaka 2015 likazinduliwa, kwa mkopo wa Uchina wa zaidi ya dola bilioni moja. Yeye shangazi mpaka leo anapikia mkaa. Basi mkisikia mtu anasema "wanachelewesha tu hawa", mkumbukeni na yule aliye juu ya gesi yenyewe.

Lakini kwa mwenye hisa, ucheleweshaji wenye haki na usio na haki unamla sawasawa.

Narudi kwa risiti ya binamu. Ile dola milioni 570 ni pesa ya mauzo yote ya robo yao, ya miaka yote, ikihesabiwa kana kwamba inaingia kesho asubuhi. Haijatolewa haki ya serikali wala ya TPDC. Haijatolewa gharama ya kuchimba visima vingine, na ule msaada wa kubebewa una kikomo chake. Na kubwa kuliko yote, haijaulizwa: lini? Riyali ya mwaka 2040 si riyali ya leo. Nyie wenyewe mnagombania kupokea mchezo mwezi wa kwanza, hakuna anayetaka zamu ya kumi na mbili, ingawa pesa ni zile zile. Hilo mnalijua bila kusoma uchumi.

Halafu hizo hisa bilioni 4. Mnadhani kampuni ilizaliwa nazo? Kampuni ndogo haina mauzo ya kutosha kuilisha, kwa hivyo kila ikikwama inatoa hisa mpya, inaziuza, inapata pesa za kuchimba au za kulipa mishahara. Ni kama umealikwa kwenye sinia moja ya pilau mko wanne, mara wanaingia wengine wanne, mara wanane tena, na sinia haijaongezwa wali. Nyama yako haikuibiwa. Mmezidi tu mikono. Mwaka 2016 ndivyo walivyopata pesa za kuchimba Ntorya-2, na sehemu kubwa ya hisa hizo mpya ilinunuliwa na Eclipse, kampuni ya hao hao Zubair.

Na Kiliwani. Hili ndilo lililonikalia mimi kama muuguzi. Kiliwani North iko karibu na Songo Songo, ilikuwa mali ya kampuni hii hii. Ilipopimwa mwaka 2008 ilitoa futi milioni 40 kwa siku, maradufu ya Ntorya. Aprili 2016 ikaanza kuuza gesi, ikaingia kwenye bomba la taifa, watu wakaandika "sasa tumetoka". Presha ikaanza kushuka. Kufikia 2018 kisima kilikuwa kimeishiwa pumzi. Kupima kisima kwa saa chache ni kama kumpima mgonjwa presha mara moja pale mlangoni. Inaweza kuwa 120 kwa 80, tamu kabisa, na usiku huo huo ukamkuta anakata roho. Unamjua mgonjwa kwa kumlaza na kumwangalia. Ntorya haijalazwa. Imepimwa mlangoni mara mbili, na vipimo ni vizuri, nakubali, na mwamba wake si ule wa Kiliwani. Lakini hata hapo sikupingi kwa sababu ya mwamba. Nakupinga kwa sababu ukishataka kujua kweli, inakubidi usubiri, na kusubiri kuna bei.

Najua mtaniambia: Fahud. Shemegi wangu pale keshafumbua mdomo. Haya, tuiseme Fahud, maana hii ndiyo hoja yao nzuri kuliko zote na baba yangu aliisema kila Ijumaa baada ya chakula. Baba alikuja kutoka Unguja miaka ya sabini, akafanya kazi Mina al Fahal mpaka kustaafu, na hadithi ile aliipenda kuliko za manabii, Mungu amsamehe. Mwaka 1956 wakachimba kisima cha kwanza pale Fahud, kule jangwani ambako hata maji yalibebwa. Mwaka uliofuata wakakiacha, kikavu. Mwaka 1960 washirika wengi wakachoka, wakakunja virago. Wakabaki Shell na Partex ya Gulbenkian. Mwaka 1962 yakapatikana Yibal, kisha Natih, na 1964 Fahud yenyewe, mwendo mfupi tu kutoka pale kisima kikavu kilipochimbwa! Mwaka 1967 meli ya kwanza ya mafuta ikaondoka. Barabara tuliyopita leo kuja hapa, hospitali ninayofanyia kazi, skuli walizosoma watoto wetu, zote zimetoka kwenye subira ile.

Sasa niulize. Aliyebaki alikuwa nani? Alikuwa SHELL. Shell angekosa tena na tena, asingelala na njaa. Na Khazzan pia, gesi yetu ya juzi hapa: BP walisaini 2007, wakakubaliana kuendeleza 2013, gesi ikatoka Septemba 2017. Miaka kumi na mabilioni ya dola. Hakuna mtu aliyeuliza BP mama yao kalazwa Mnazi Mmoja na tiketi inatakiwa jioni hii.

Hapo ndipo linapokuja lile neno linalosemwa kwa kunong'ona: "Lakini hawa ni watu wetu." Zubair ni watu wa hapa, jina linaheshimika, watoto wetu wamepelekwa na skuli kutembelea Bait Al Zubair, na Mtwara ni nchi tunayoijua lugha yake. Mimi pia nilijisikia fahari, sitaficha. Pesa za Oman zinarudi pwani, na safari hii si kwa karafuu. Lakini angalieni walivyofanya, msiangalie jina. Wao walinunua uendeshaji, wakashika usukani. Mshirika wa tatu, Scirocco, alipotaka kuiuza robo yake kwa Wentworth mwaka 2022, ARA walitumia haki yao ya kuwa wa kwanza, wakaichukua wenyewe, na 2023 wakawa na robo tatu. Hiyo ndiyo biashara ya mtu anayeweza kusubiri: kila mwenzake akichoka, yeye anaokota. Sisi tukinunua hisa za elfu tatu kupitia London hatuwi upande wake. Tunakuwa upande wa wale wanaochoka.

Naye tajiri anayesubiri anajua pia kwamba mnunuzi ni mmoja. Gesi ya Ntorya haiendi Japani kwa meli. Inaenda kwa TPDC, na mteja wake mkubwa ni umeme wa TANESCO, na TANESCO ilikuwa na madeni ya mamilioni ya dola kwa wauza gesi wa Songo Songo kwa miaka mingi. Wakati huo huo serikali ikajenga bwawa la Nyerere la megawati 2,115, mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme Februari 2024. Wapo wanaosema Dar inakua na viwanda vitaitaka gesi hata hivyo, na huenda ni kweli, mimi naona ni kweli. Lakini mkitaka kujua gesi hii italipa lini, msimuulize mtu wa mawe. Muulizeni anayepanga umeme wa Tanzania.

Kuna jambo moja sikutaka kulisema, ila mama yangu kaniambia nisipolisema yeye atasimama alisema, na mnamjua.

Mwaka 1997 soko la hisa la hapa Maskati lilipanda kama moto wa makuti. Madereva wa teksi walikuwa wananunua hisa, walimu wananunua, wake za watu wanauza dhahabu wananunua. Baba yangu alikuwa na pesa za kiwanja cha Ghala, zimekamilika, alikuwa anangoja karatasi tu. Akasema nizizungushe miezi mitatu. Mwanzoni mwa 1998 soko likaanza kuporomoka, na kwa miezi ile likapoteza zaidi ya nusu. Nilikuwa mtoto. Ninachokumbuka ni baba kukaa kwenye gari nje ya nyumba, injini imezimwa, joto lile, na mama akinituma nimpelekee maji. Hakuna aliyemdanganya. Kampuni alizonunua nyingine zipo mpaka leo na zinaendelea vizuri. Yeye alikuwa na pesa yenye tarehe, akaiweka mahali pasipokuwa na tarehe. Kiwanja kile sasa kina jengo la ghorofa nne, na mimi napita mbele yake kila siku nikienda kazini.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Gesi ya Ntorya, kwa nilivyosoma, naamini ipo. Nadhani itafika Madimba. Mwenye pesa zake mwenyewe ambazo hazisubiriwi na mtu, na anayeweza kuzisahau miaka kumi asikonde, anunue, wala sitamcheka. Mimi mwenyewe huenda nikanunua za riyali mia nikishamaliza ada ya mwanangu, na binamu yangu asinitangaze. Lakini mfuko huu pesa zake zina tarehe, na tarehe hatuijui. Inaweza kuwa kesho alfajiri simu ya Unguja ikilia. Siku hiyo nitataka kwenda benki ya pale Ghubra nikatoe riyali, nisianze kuuza hisa kwa peni kumtafutia mtu tiketi.

Mkipiga kura mkasema tununue, nitaheshimu, lakini funguo na daftari mtampa mwengine, kwa mapenzi kabisa. Daftari liko pale juu ya friji, kila mtu aangalie mahesabu kabla ya kuandika. Karatasi zimo kwenye bakuli la kaimati, msizipake shira. Wanaume hawapigi.